Buti la Mwingereza, tranka la Mmarekani

Msikilizaji mmoja wa Mkata, wilayani Handeni, ameniandikia barua yenye swali ambalo nimelibeba mfukoni kwa wiki mbili. Anasema kijijini kwao walifika wageni wawili kuangalia habari za kisima, mmoja Mwingereza na mwenziwe Mmarekani, na kwa siku tatu wageni hao walibishana wao kwa wao kuliko walivyozungumza na wenyeji. Mara neno, mara chai, mara namna ya kuandika tarehe. "Ndugu mtangazaji," anauliza, "hawa si Wazungu wale wale, na Kiingereza chao si kile kile? Sasa wanabishania nini?"

Ndugu yangu wa Mkata, swali lako ni zuri na jibu lake unalo mwenyewe. Wewe ni mtu wa Handeni, mimi nimekulia Korogwe. Kutoka Handeni mjini hadi Korogwe ni kilomita 65 tu hivi. Mzigua na Msambaa wakiketi benchi moja huelewana bila mkalimani, kila mmoja akisema lugha ya mama yake. Wazee wanatuambia kwamba sote ni watoto wa Seuta, pamoja na Wabondei na Wanguu, na hata Mbegha, yule mwindaji wa nguruwe aliyekwenda kuwa mtawala kule Vuga, alitokea upande wa Unguu. Sasa mwambie Msambaa kwamba yeye na Mzigua ni kitu kimoja, uone. Msambaa atakuambia kwamba Mzigua akiona mlima huumwa kichwa. Mzigua naye atakujibu kwamba Msambaa akitembea tambarare hujikwaa, maana mguu wake mmoja umezoea kuwa juu.

Watu wa mbali hawabishani namna hiyo. Hakuna Mzigua anayegombana na Mjapani juu ya chumvi ya mchuzi. Ubishi ni wa watu wanaofanana kiasi cha kila mmoja kutaka ijulikane kwamba yeye si yule.

Basi tuwatazame hao wawili. Wamarekani walijitangazia uhuru wao kutoka kwa Waingereza mwaka 1776, na tangu hapo kila mmoja akaendelea na njia yake. Mwaka 1828 mwalimu mmoja wa huko, Noah Webster, akatoa kamusi kubwa ya Kiingereza cha Kimarekani na kuondoa herufi alizoona hazina kazi. Mwingereza anapoandika rangi kwa lugha yake huweka herufi u karibu na mwisho, Mmarekani ameitupa. Nililijua jambo hili mapema kwa sababu miaka ya 1990, nilipokuwa sekondari, tulikuwa na walimu wawili wa kujitolea, mmoja wa kila upande. (Si jambo geni: vijana wa Peace Corps walianza kufika Tanganyika mwaka 1961, hata Uhuru wetu ulikuwa haujapandishiwa bendera.) Jumatatu Mmarekani aliifuta ile u katika daftari langu kwa kalamu nyekundu. Jumanne Mwingereza akairudisha, kwa kalamu nyekundu vilevile. Mwalimu wetu wa Kiswahili, mzee wa Kibondei, alilitazama daftari lile akasema, "Mwanangu, mtihani unasahihishwa Dar es Salaam. Weka u." Nikaweka.

Walimu hao hao walitupa kicheko kingine. Asubuhi moja Mmarekani, kwa nia njema kabisa, alimsifu mwalimu wa Kiingereza, ambaye alikuwa mama wa makamo, mbele ya darasa zima kwamba amevaa "pants" nzuri. Kwa Mmarekani hiyo ni suruali. Kwa Mwingereza ni chupi. Yule mama aligeuka rangi kama nyanya za Lushoto, na sisi tulijua maana zote mbili kabla ya saa nne.

Lakini tofauti kubwa zaidi iko katika gari, na sababu yake inaeleweka. Gari lilipobuniwa, mataifa hayo mawili yalikwisha kutengana kwa zaidi ya miaka 100. Kila mmoja akalipa kila kifaa jina lake bila kumuuliza mwenziwe. Sisi tulikuwa chini ya Mwingereza tangu Vita Kuu ya Kwanza hadi mwaka 1961, kwa hiyo gari lilipotufikia lilikuja na majina yake ya Kiingereza cha London: lori, petroli, boneti, buti, taya, madigadi, spana. Hata kuendesha kwetu ni mkono wa kushoto, kama kwao. Mmarekani yeye yuko kulia.

Matokeo yake ni haya. Fundi mmoja wa gereji pale Manundu, Korogwe, aliletewa gari na kijana wa Kimarekani aliyekuwa akisafiri kwenda Moshi. Kijana akasema kuna kelele ndani ya "trunk". Fundi akafikiri kidogo. Kwetu tranka ni lile sanduku la bati la mwanafunzi wa bweni, lenye kufuli na sabuni ndani. Akatafuta sanduku, hakuliona. Kijana akaenda nyuma, akapiga buti kwa kiganja: "Trunk!" Fundi akafungua, akakuta jeki imelegea, akaomba spana. Kijana hajui spana ni nini. Kwao kifaa hicho kina jina jingine kabisa. Fundi huyu, aliyeishia darasa la saba, aliniambia baadaye kwa masikitiko: "Yule kijana ni mpole, lakini Kiingereza hajui."

Kwa Kiingereza cha gereji, fundi alisema kweli.

Tusidhani hata hivyo kwamba Mwingereza ndiye peke yake aliyetia mkono katika midomo yetu. Mmarekani alifika zamani sana, tena kwa nguo. Kabla ya mkoloni yeyote, merikebu za Salem, katika jimbo la Massachusetts, zilikuwa zikileta Zanzibar shuka za pamba zisizotiwa rangi, na misafara iliyopita bonde la mto Pangani kwenda bara ilizibeba kama fedha. Nguo hiyo tukaiita merikani, na jina hilo lilibaki hata pale vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe, kati ya mwaka 1861 na 1865, vilipoziba biashara yao, na viwanda vya Uingereza na Bombay vikajaza nafasi. Mtu alivaa shuka ya Manchester akaiita merikani. Nadhani Mwingereza hakufurahi.

Na mkonge, mwenzangu wa Korogwe, mkonge uliotulea? Mwaka 1893 Mjerumani, Dakta Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Iliyofika pwani ya Tanga ikiwa hai ni 62. Mashamba yote unayoyaona ukitoka Segera kwenda Mombo ni wajukuu wa miche ile. Mwingereza aliyakuta, akaendeleza.

Siku hizi Mmarekani ameingia upya kwa njia ya duka na sinema. Ndiyo maana kinywaji cha chupa tunakiita soda, kama yeye. Mama zetu walifunga watoto nepi, neno la Mwingereza. Dada zetu wanafunga pampasi, jina la bidhaa ya kampuni ya Kimarekani. Mtoto ni yule yule na kazi anayoifanya ni ile ile.

Sasa niingie nyumbani, maana huko ndiko kwenye mambo. Lakini kwanza nieleze kwa nini mambo ya Marekani yanagusa Handeni hasa, kuliko watu wanavyodhani. Katika karne ya 19 Wazigua wengi walichukuliwa kwa majahazi hadi pwani ya Somalia wakauzwa utumwani. Wengine walitoroka, wakajenga vijiji vyao kando ya mto Juba, na huko wakaendelea kusema Kizigua kizazi baada ya kizazi. Vita vilipopamba moto Somalia mwaka 1991, baadhi yao walikuja Tanga kwa bahari, wakapokewa Handeni, kwanza Mkuyu na baadaye Chogo, na wengi wakapewa uraia wa Tanzania. Wengine walikimbilia makambi ya Kenya, na kuanzia mwaka 2003 maelfu yao walipelekwa Marekani. Kwa hiyo leo kuna Wazigua wanaokoka moto Chogo na Wazigua wanaokwangua theluji katika jimbo la Maine, na simu zinapigwa. Ongeza na vijana wetu wengine waliokwenda masomoni, na wauguzi wetu waliokwenda Uingereza, utaona kwamba familia moja ya Handeni au Korogwe yaweza kuwa na mjukuu wa Kimarekani na mjukuu wa Kiingereza, wote wakimwita bibi mmoja.

Familia ninayoifahamu iko hivyo. Mjukuu wa kiume amekulia Marekani, wa kike amekulia Leicester, Uingereza. Mwaka juzi walikutana Handeni kwa likizo, pamoja na dada wa yule kijana, msichana wa miaka 16. Siku ya kwanza msichana akamwendea bibi, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, akaomba "bafu". Bibi akafurahi kuona mtoto anapenda usafi. Akawasha moto, akateleka sufuria kubwa, akatafuta ndoo, akachanganya maji, akatafuta kanga safi. Kumbuka hiyo ni Handeni, ambako maji ni mali.  Msichana muda wote huo amesimama, anabadilisha mguu. Wamarekani ni watu wa haya: choo hawakitaji kwa jina, hukiita bafu, hata mahali pasipo na beseni wala sabuni ya kuogea. Mwingereza naye ana haya lakini ana neno lake jingine. Binamu wa Leicester ndiye aliyeng'amua, akamshika mkono akamkimbiza uani. Yale maji alioga bibi.

Kijana naye alimkodi mwenye bodaboda. Njiani, mshale wa mafuta ukiwa chini, akasema, "Tuweke gesi." Kwa Wamarekani petroli huitwa hivyo, kwa kufupisha. Mwenye bodaboda akampeleka kwenye duka la mitungi ya kupikia, akamsaidia hata kuuliza bei.

Mkaguzi wa chakula alikuwa binti wa Leicester. Akiomba chipsi, alipata chipsi, maana chipsi zetu ni za Kiingereza. Binamu yake akiomba chipsi alitegemea vile viazi vikavu vya pakiti. Bisikuti ya Uingereza ni hii hii yetu ya kuchovya. Bisikuti ya Marekani ni mkate laini ambao wengine huumwagia mchuzi mzito asubuhi. Na chai! Mwingereza hunywa ya moto, na maziwa kidogo. Wamarekani wengi huinywa baridi, na barafu imejaa glasi hadi unajiuliza chai yenyewe imekaa wapi. Watu hawa waligombana juu ya chai tangu zamani: usiku wa tarehe 16 Desemba 1773, kule Boston, Wamarekani walimwaga baharini masanduku 342 ya chai kwa hasira ya kodi. Bibi, aliposimuliwa habari hiyo, hakuuliza kuhusu kodi. Aliuliza kama masanduku yaliokotwa. Kisha akawapa wote chai yake, iliyochemshwa pamoja na maziwa, tangawizi na sukari mpaka ikabadilika rangi, na hao wawili kwa mara ya kwanza wakakubaliana kwamba hiyo si chai. Wakanywa vikombe vitatu kila mmoja.

Nyumba ya wageni pale Korogwe iliwachanganya kidogo pia. Waliambiwa chumba kiko ghorofa ya kwanza. Binti akapanda ngazi, kijana akabaki chini akitafuta namba, kwa sababu kwa Mmarekani sakafu ya chini kabisa ndiyo ya kwanza. Sisi tunahesabu kama Mwingereza. Lakini dukani, kwa habari ya bei, kijana alistarehe. Kwao bei iliyoandikwa siyo unayolipa. Kodi huongezwa ukifika kwa mwenye fedha. Kwetu na Uingereza bei ya rafuni tayari imemeza kodi. Wala mhudumu wa hoteli ya Korogwe hamtarajii mteja amwongezee sehemu ya tano ya bili kama kule Marekani, ingawa akiongezewa hatakataa.

Haya ni ya kucheka. Yako mengine yanayogharimu.

La kwanza ni namna ya kusifu. Mwingereza huogopa sifa kubwa kama mtu aogopavyo deni. Kitu kizuri sana yeye huita "si kibaya". Mmarekani hupanda juu mara moja: kila kitu ni cha ajabu, hajapata kuona mfano wake. Hakuna anayedanganya kati yao, ila kila mmoja ana mizani yake. Mwalimu mmoja wa sekondari katika mkoa wetu, aliyelelewa na shule ya Kiingereza ya zamani, alimwandikia mwanafunzi wake barua ya kumtambulisha kwa chuo cha Marekani. Niliisoma nakala. Ilisema kijana "si mbaya katika hesabu" na "mwenendo wake unaridhisha". Kijana huyo alikuwa wa kwanza darasani miaka minne mfululizo! Kwa msomaji wa Kiingereza barua ile ni ya heshima. Kwa Mmarekani ni barua ya mtu anayeficha jambo. Kijana hakupata nafasi. Sisemi barua ndiyo iliyomnyima, vyuo vina sababu nyingi. Lakini kama ningekuwa mimi nimekaa kule mezani, baada ya kusoma barua hamsini za vijana wa ajabu, ningemweka kando huyu anayeridhisha. Walimu, mkiandikia Marekani, semeni wazi: wa kwanza kati ya wangapi, kwa miaka mingapi.

La pili ni tarehe. Mwingereza na sisi huanza na siku, kisha mwezi. Mmarekani huanza na mwezi. Uhuru wetu, 9/12, yeye huusoma tarehe 12 Septemba. Ikipita siku ya 12 ya mwezi hakuna hatari, kwa sababu hakuna mwezi wa 26 wala wa 31. Muungano wetu, 26/4, uko salama. Hatari iko katika zile siku 12 za mwanzo, na nimepiga hesabu: katika mwaka ziko tarehe 132 zinazoweza kusomwa kwa namna mbili. Salama zaidi ya zote ni Sabasaba na Nanenane, ambazo huwezi kuzigeuza hata ukitaka. Ukizaliwa tarehe 3 Mei na fomu yako moja ikasema 3/5 na nyingine 5/3, ofisa wa uhamiaji hana kazi ya kujua kwamba ni desturi. Yeye anaona watu wawili. Andika mwezi kwa herufi, yaishe.

La tatu ni umeme. Dada mmoja anayeishi Texas alimtumia mdogo wake wa Handeni mashine ya kusagia juisi, ili aanzishe biashara karibu na stendi. Maembe yamenunuliwa, glasi zimenunuliwa, meza imepakwa rangi. Umeme wetu ni wa volti 230, kama wa Uingereza, na hata plagi yetu ya miguu mitatu ya mraba ni ile waliyoiwekea kanuni mwaka 1947. Umeme wa Marekani ni volti 120. Fundi akabadilisha plagi, kwa kuwa ile ya bapa haikuingia, akadhani kazi imekwisha. Mashine ilizunguka kwa kishindo cha ndege inayoruka, ikatoa moshi, ikanyamaza. Mtaji wa mwaka mzima. Kabla ya kuchomeka kitu chochote kilichotoka huko, pindua usome maandishi madogo. Kikisema 100–240V, kama zilivyo chaja nyingi za simu, chomeka ulale. Kikisema 120V peke yake, usikiguse bila transfoma inayolingana na nguvu yake.

La nne ni dawa. Ile Panadol yetu, ambayo jina lake la kitaalamu ni paracetamol, Wamarekani huiita acetaminophen, na maarufu kwao ni Tylenol. Ni dawa moja. Lakini mtu aliyeletewa kichupa kutoka Marekani humeza vidonge viwili vya kule, kisha, kichwa kikigoma, humeza viwili vya hapa, akidhani anabadilisha dawa. Mtu mzima hapaswi kuvuka gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na ikizidi hapo huumiza ini kimyakimya. Hata joto la mwili wanapima tofauti: kipimo cha Kimarekani kikisoma 100, mtoto hajachemka kama maji, ni 37.8 ya kwetu, homa ndogo.

Na la tano ni lile lililoipata familia ya yule bibi, mwaka jana.

Bibi ana kisukari. Jioni moja alianza kulegea, kiu haikatiki, anakwenda msalani kila mara, maneno yanamkwama. Binti yake anayemlea akamtoboa kidole kwa kipimo walichonunua duka la dawa Korogwe. Kikasoma 18. Akaipiga picha ile namba na kuituma kwenye kundi la simu la familia, akiuliza afanye nini.

Wa kwanza kupiga alikuwa kijana wa Marekani. Mama yake wa kufikia huko naye ana kisukari, kwa hiyo yeye si mgeni wa kipimo. Sauti inatetemeka: "Shangazi, hiyo iko chini mno, bibi atazimia! Mpe soda! Mpe asali, mpe sukari yenyewe, sasa hivi!" Soda ikaletwa mbio kutoka duka la jirani, kifuniko kikang'olewa. Kabla chupa haijafika mdomoni, simu ya pili ikaita. Ni binti wa Leicester, anayefanya kazi ya kutunza wazee: "Mama mdogo, hiyo iko juu sana! Asiguse kitu chenye sukari! Mpelekeni hospitali!"

Sasa fikirieni yule mama, msikilizaji. Simu moja sikio la kulia, nyingine la kushoto, chupa ya soda mkononi, na mama yake mzazi analegea kitini. Watoto wote wawili wamesoma, wote wanampenda bibi, wote wanasema kwa uhakika. Na wote walisema kweli.

Kwetu, kama Uingereza, sukari ya damu hupimwa kwa kipimo kinachoandikwa mmol/L. Mtu mwenye afya, asubuhi kabla ya kula, huwa kati ya 4 na 5 na nusu hivi. Marekani hutumia mg/dL, ambako mtu huyo huyo husoma kati ya 70 na 100. Ili kutoka kipimo chetu kwenda chao unazidisha kwa 18. Kijana aliona 18 akaisoma kwa macho ya Marekani, ambako mtu mwenye 18 yuko ukingoni mwa kifo. Kumbe bibi alikuwa na 18 ya kwetu, ambayo Marekani ingeandikwa 324. Chupa ile ya soda ingekuwa mafuta juu ya moto.

Wenye jamaa wanaotumiwa vipimo kutoka nje, tazameni pembeni ya namba. Herufi hizo ndogo zimeandikwa pale pale kiooni. Mkituma namba kwa ndugu, zitumeni na herufi zake. Na aliyelegea apelekwe hospitali hata kama ndugu wa ng'ambo hawajamaliza kubishana.

Yule mama hakuchagua kati ya simu mbili. Alizikata zote, akaita bajaji, na muuguzi wa zamu alipoiona ile namba hakuuliza mara mbili. Bibi alitundikiwa maji, akapewa dawa, akarudi nyumbani siku ya tatu akilalamikia uji usio na sukari. Kijana wa Marekani alilia kwenye simu, na binamu yake wa Leicester, ambaye kwa desturi ya huko hasemi makubwa, alimwambia kwamba hakufanya vibaya sana. Binti wa bibi amekibandika kipimo karatasi yenye maandishi ya kalamu nzito: ZIDISHA KWA 18 UKIPIGA MAREKANI. Ama ile soda, kwa kuwa ilikwisha funguliwa na ililipiwa, aliinywa mwenye bajaji alipokuwa akiwasubiri nje.